Mwongozo kamili: jinsi ya kuitambua ndege ya vita SM.79, yule "Kibiongo" wa Mtaliano, kwenye picha ya zamani

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Rafiki yangu mmoja wa Moshi, babu yake alikuwa askari wa KAR (jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) na alienda kupigana na Wataliano kule Ethiopia, akarudi na kopo la biskuti limejaa picha, na moja ilikuwa ya ndege imeungua nusu, injini tatu, nyuma imeandikwa kwa penseli "bomba ya Mtaliano". Mi nikaiangalia kama sekunde kumi hivi nikamwambia bila hata kusita, hii ni SM.79 Sparviero, ndege ya mabomu maarufu kuliko zote za Italia. Jamaa akafurahi, akaitia fremu akaining'iniza sebuleni. Wiki mbili baadae nikairudia kwa utulivu nikaona bawa limekaa juu ya bodi, sio chini. Kwisha habari. Ilikuwa Caproni Ca.133, mdudu mwingine kabisa, na nikapiga simu moja ngumu sana.

Tangu siku ile nina utaratibu wangu, na ndo huu nakupa hapa. Uzuri wa SM.79 ni kwamba kila kitu cha ajabu kwenye mwili wake kina sababu, kwa hiyo ukijua sababu hauhitaji kukariri michoro, unaisoma tu ndege kama unavosoma uso wa mtu unayemjua.

Hatua ya 1: Skani kwanza, maneno baadae

Usifanye kazi na picha ya WhatsApp. WhatsApp inaminya picha mpaka namba zote zinageuka ukungu, na namba ndo mali yenyewe. Skani kwa dpi 600 au zaidi, mbele na nyuma, hata kama nyuma unaona hakuna kitu maana penseli ya miaka 80 mara nyingi inaonekana tu ukiongeza kontrasti. Kama picha imegundishwa kwenye albamu usiibandue kwa nguvu, iskani hapohapo ilipo. Na chonde chonde usiipitishe kwenye zile programu za simu za "kuboresha" picha, zinatunga. Nimeona picha ambayo programu iliichorea ndege namba ambayo haipo kwenye orijino, namba safi kabisa, imekaa vizuri, ya uongo.

Hatua ya 2: Injini, bawa, tairi, mkia. Kwa mpangilio huo huo

Hesabu injini. SM.79 ya Italia ina tatu, moja puani na mbili kwenye mabawa. Ila injini tatu peke yake haikupi kitu chochote, Wataliano walikuwa na ndege za injini tatu kama sisi tulivyo na bodaboda, na hapo ndo mi nilipoangukia. Italia haikuwa na injini moja yenye nguvu za kutosha kushindana na wengine, sa wakasema basi tuweke tatu za wastani, na ndo maana viwanda vyao kadhaa vikatoa kitu chenye pua ya injini.

Kwa hiyo nenda kwenye bawa. SM.79 bawa liko chini ya bodi. Likiwa juu, ni Caproni Ca.133 au ndugu zake, acha hapohapo, umemaliza.

Alafu tairi. SM.79 inakunja tairi za mbele, zinaingia nyuma ya injini za mabawani. Kama ndege iko angani na miguu inaning'inia, tena imevikwa vifuniko kama viatu vikubwa, basi hiyo ni SM.81 Pipistrello, kaka yake mkubwa aliyetumika sana Ethiopia 1935 na 1936. Kama bodi ina mistari mistari kama bati la nyumba hiyo ni Junkers Ju 52 ya Mjerumani, na usicheke, watu wanazichanganya kila siku.

Mwisho mkia. SM.79 ina pezi moja la wima nyuma, kubwa la mviringo, na mabawa madogo ya mkia yameshikiliwa na fimbo za chini zinazoonekana vizuri ukikuza. Mapezi mawili na injini tatu, hiyo ni SM.84, au CANT Z.1007 za baadae, na hiyo CANT ilitengenezwa na pezi moja pia, kwa hiyo yenye pezi moja isikudanganye, mwili wake ni mwembamba na mrefu na hauna nundu. Injini mbili na mapezi mawili ni Fiat BR.20.

Hatua ya 3: Tafuta nundu na kihori

Hapa nakaa kidogo maana ndo roho ya ndege yenyewe.

Angalia juu, nyuma tu ya vioo vya rubani. Utaona mgongo umevimba, kitu kama nundu ya ng'ombe wa kienyeji. Wataliano wenyewe waliita ndege hii Gobbo Maledetto, kibiongo aliyelaaniwa, japo jina rasmi lilikuwa Sparviero, yaani kipanga. Ndani ya nundu kuna bunduki mbili za Breda-SAFAT za milimita 12.7, moja imefungwa inaelekea mbele na rubani ndo anaifyatua, nyingine inaelekea nyuma ina mtu wake.

Sasa shuka chini, tumboni. Utaona kitu kama kihori kimebandikwa chini ya bodi. Humo ndo alikuwa anakaa yule wa kulenga mabomu, na nyuma ya kihori kuna bunduki nyingine ya 12.7 inaangalia nyuma na chini.

Kwa nini vitu hivi vimebandikwa nje kama viraka? Kwa sababu ndege hii haikuzaliwa kuwa ya vita. Alessandro Marchetti, mhandisi wa kampuni ya SIAI ya Sesto Calende kule Lombardia, aliichora kama ndege ya abiria wanane, ya kasi, ikashindane kwenye mbio za London mpaka Melbourne za mwaka 1934. Ya kwanza ilikuwa na usajili wa kiraia I-MAGO, iliruka mwaka huo huo, mbio ikazikosa, lakini kwa kasi ilikuwa moto. Jeshi la anga likaipenda. Sasa ndege ya abiria yenye injini puani utamweka wapi mlenga mabomu, ambaye kwenye ndege za wengine anakaa puani kwenye vioo? Hakuna nafasi. Basi wakamchimbia kihori tumboni. Na bunduki za juu utaziweka wapi? Wakaijengea nundu. Hata mabomu yenyewe hayakulala chini kama kwa wenzao, yalisimama wima ndani ya bodi upande wa kulia, ili upande wa kushoto ubaki ujia wa watu kupita kwenda nyuma. Jumla kama kilo 1,250, na mabomu yaliyosimama wima yakitoka yanapinduka kwanza kabla hayajanyooka, jambo ambalo halisaidii shabaha hata kidogo.

Kwa hiyo ukiwa na picha ya SM.79 isiyo na nundu wala kihori, mabawa yameng'aa, usianze kusema ni feki. Inaweza kuwa ya mbio au ya safari ndefu. Mwaka 1937 zilichukua nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu kwenye mbio za Istres, Damascus mpaka Paris, na Bruno, mtoto wa Mussolini mtawala wa Italia, alikuwa kwenye ile ya tatu. Januari 1938 ndege tatu zikavuka Atlantiki kutoka Italia kupitia Dakar mpaka Brazil. Hawa walikuwa na nembo ya panya watatu wa kijani, Sorci Verdi, na ukiona panya pembeni ya bodi we shukuru Mungu tu, kitambulisho kimejileta chenyewe.

Kitu kingine cha kuangalia ukiwa na picha ya ndege iliyoanguka au kuungua, na za Afrika nyingi ziko hivo. Bodi ya SM.79 ilikuwa mifupa ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mbele imevikwa bati la aluminiamu, na sehemu kubwa ya nyuma ni kitambaa. Bawa ni mbao na plaiwudi tupu. Ikiungua, kitambaa na mbao vinaondoka, inabaki ile mifupa ya chuma kama kitanda cha chuma kilichochomwa, injini zimelala chini na mabawa hayapo kabisa. Ukiona bawa la bati limebaki na mbavu zake, shuku.

Hatua ya 4: Ni ya kazi gani?

Ukishajua ni SM.79, sasa uliza ni ya mabomu au ya topido, maana hapo ndo historia yake inagawanyika.

Ya mabomu ndo ya mwanzo. Hispania, kuanzia 1937, Wataliano waliomsaidia Jenerali Franco kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe walizitumia sana kutokea kisiwa cha Majorca, na tatu zilikuwemo kwenye shambulio la mji wa Guernica tarehe 26 Aprili 1937. Kule zilikuwa na kasi kuliko ndege nyingi za kuwafukuza, na nadhani ushindi ule ndo uliwaponza, wakaona ndege wanayo, hakuna haja ya haraka. Italia ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, kesho yake tu zikapiga kisiwa cha Malta, cha Waingereza. Lakini kasi ya kama kilomita 430 kwa saa iliyotisha mwaka 1937, mwaka 1941 mbele ya Hurricane, ndege ya kivita ya Mwingereza, ilikuwa ya kawaida tu.

Ya topido, yaani lile bomu refu linalogonga maji alafu linakimbilia meli lenyewe, hiyo angalia tumbo. Topido ni ndefu mno haiingii ndani, inaning'inia nje chini ya bodi, na kama kihori kipo yenyewe inakaa pembeni yake, sio katikati. Picha ya kutoka mbele inaonyesha wazi kwamba ndege imebeba mzigo upande mmoja. Wataliano walianza na kikosi kidogo cha majaribio katikati ya 1940, na shambulio la kwanza kwenye bandari ya Alexandria tarehe 15 Agosti 1940, ndege tano, halikuzaa kitu. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Septemba, wakaipiga meli ya Uingereza HMS Kent. Tarehe 27 Septemba 1941 topido ya ndege ya Italia ikaipata meli kubwa HMS Nelson. Agosti 1942, ule msafara mkubwa wa kupeleka chakula na mafuta Malta, SM.79 zikaiharibu HMS Foresight mpaka Waingereza wakaizamisha wenyewe. Kwa mtazamo wangu kazi hii ndo iliyoipa ndege jina. Kama ingebaki kudondosha mabomu kutoka juu, leo tungekuwa tunaitaja kwa mstari mmoja.

Za mwisho mwisho kihori kimeondolewa. Kama kila kitu kinasema SM.79, nundu ipo, ila tumbo ni laini, una ndege ya topido ya mwishoni mwa vita.

Mtego mmoja: injini mbili. Ipo SM.79B, pua yake ni ya vioo, ilitengenezwa kwa kuuza nje. Iraq ilinunua chache, Romania ilinunua alafu ikatengeneza za kwake Brașov na injini za Junkers Jumo. Yugoslavia ndo ilichukua za injini tatu, 45. Ukikutana na ya injini mbili usiitupe, umepata ya kigeni.

Hatua ya 5: Alama zinakupa mwaka

Anza na usukani wa mkia, lile pezi la wima. Mistari mitatu ya wima, kijani nyeupe na nyekundu, ni kabla ya vita. Msalaba mweupe, ni kuanzia vita vilipoanza Juni 1940. Duara jeusi kwenye bodi na alama ya X kwenye mkia, ni Hispania. Chini ya mabawa na juu yake, duara lenye vifungu vitatu vya fimbo na shoka, hiyo ni alama ya Mafashisti, watu wa Mussolini. Mkanda mweupe umezunguka bodi nyuma, Mediterania, wakati vita vimekolea.

Baada ya tarehe 8 Septemba 1943 Italia ilisalimu amri ikagawanyika mbili, na ndege nazo zikagawanyika. Duara la rangi tatu limerudi, huyo yuko upande wa kusini pamoja na Waingereza na Wamarekani. Bendera imechorwa ubavuni, huyo ni wa Mussolini kaskazini, bado yuko upande wa Mjerumani.

Tahadhari ya rangi. Filamu za zamani nyingi za nyeusi na nyeupe hazikuiona nyekundu vizuri, nyekundu inatoka nyeusi kabisa na njano inatoka nzito, kwa hiyo usitangaze rangi kutokana na kivuli. Sema "mstari wa giza", basi.

Na hapa lazima niwape kisa kimoja, maana kitawasaidia siku mkikuta jina Buscaglia limeandikwa nyuma ya picha. Carlo Emanuele Buscaglia alikuwa ndo nyota wa topido. Novemba 1942 akaangushwa kwenye ghuba ya Bougie kule Algeria, nyumbani wakajua amekufa, wakampa nishani ya marehemu. Kumbe yuko hai, ameungua, mfungwa. Upande wa Mussolini wakaunda kikosi cha SM.79 wakakiita kwa jina lake, kikiongozwa na Carlo Faggioni, ambaye alikufa Aprili 1944 akishambulia meli za Washirika (Waingereza na Wamarekani) pale Anzio, Italia. Wakati huo huo Buscaglia mwenyewe aliachiwa akajiunga na upande wa pili, wa Washirika, akawa anajifunza kurusha Baltimore, ndege ya mabomu ya Kimarekani, ikaanguka wakati wa kupaa Agosti 1944 na akafa kweli safari hii. Kwa hiyo "Buscaglia 1944" nyuma ya picha inaweza kuwa mtu au inaweza kuwa kikosi, na viko pande mbili za vita. Alama ya ubavuni ndo itakayoamua.

Hatua ya 6: Namba

Nyuma ya bodi kuna namba mbili za aina mbili, na watu wanazichanganya. Ile kubwa yenye kistari katikati, mfano 278-2, ni skwadroni ya 278, ndege ya 2. Ile ndogo karibu na mkia inaanza na M.M. (Matricola Militare), hiyo ni namba ya usajili ya jeshi, ndo kama chesisi ya gari. Ile kubwa inabadilika ndege ikihamishwa, M.M. haibadiliki. Kama unasoma moja tu, pigania M.M.

Skwadroni za topido ambazo utakutana nazo sana ni 278, 279, 280 na 281. Ya 278 nembo yao ilikuwa paka wanne, na hii ni utani, maana kwa Kitaliano ukisema kulikuwa na "paka wanne" unamaanisha kulikuwa na watu wa kuhesabika tu. Walikuwa wachache, na wenyewe walilijua hilo.

Namba ikitoka usiishie hapo, itafute. Mfano M.M. 23881 ya hiyo hiyo skwadroni ya 278: Aprili 1941 ilitoka kushambulia meli za Waingereza karibu na Krete, wakati wa kurudi ikapotea njia, ikapita kambi yake bila kuiona na kuingia jangwani Libya mpaka mafuta yakaisha. Mwaka 1960 watu wa utafiti wa mafuta wakakuta mifupa ya mtu mmoja jangwani, baadae ndege yenyewe ikapatikana mbali sana na hapo, makumi ya kilomita. Yule mtu alikuwa ametembea kwa mguu kutafuta msaada. Namba moja ndogo karibu na mkia inakufikisha huko.

Hatua ya 7: Kama picha ni ya kwetu

Hapa ndo niliponaswa, kwa hiyo sikiliza. Kama picha imetoka kwa babu wa KAR, au ni ya Wajir, Moyale, Garissa, anza na dhana kwamba SIO SM.79. Ndege za Italia zilizojaa Afrika Mashariki zilikuwa Ca.133, na hizo ndo zilizopiga Wajir Juni 1940 siku chache tu baada ya vita kutangazwa. SM.79 zilikuwepo, vita vilipoanza zilikuwa kama dazeni moja tu na kambi yao ilikuwa Diredawa, Ethiopia, nyingine zikaongezwa kwa kurushwa kutoka Libya. Wazee wa pwani wanaokumbuka Malindi ilivyopigwa mwaka 1940 watakwambia "ndege ya Mtaliano" na hawajakosea, ila jina la ndege hawalijui wala hawakuwa na sababu ya kulijua, walikuwa wanakimbia.

Kwa hiyo muulize mzee au familia maswali ambayo wanaweza kuyajibu: alikuwa kikosi gani, alipita mji gani, picha alipiga mwenyewe au alinunua? Hilo la mwisho muhimu sana, maana askari walikuwa wananunuliana na kupeana picha, na ndege ya Libya inaweza kufika Moshi bila mwenye kopo kuiona hata siku moja.

Hatua ya 8: Andika ulichojua

Karatasi tofauti, sio nyuma ya picha, na kama ni lazima nyuma basi penseli laini, kalamu ya wino marufuku. Andika ulichoona kwanza (injini tatu, bawa chini, nundu, kihori, msalaba mweupe), alafu mstari mwingine unachodhani. Ukitaka kuona mwenyewe ndege halisi zimebaki mbili, moja makumbusho ya jeshi la anga la Italia pale Vigna di Valle na nyingine makumbusho ya Caproni Trento, na zote zilikuwa za Lebanon, ilizozinunua baada ya vita. Pigeni picha nyingi za kihori tafadhali, watu wote wanapiga pua.

Yule rafiki yangu wa Moshi fremu hakuishusha. Ila amechomeka kikaratasi kwenye kona ya kioo, mwandiko wake: "Ca.133, labda Ethiopia, labda 1941. Sio ile nyingine."